Mtoto wa Meza

"La Mjerumani hili," anasema Lugusha,
na kulipiga kabati mgongoni kama ng'ombe wa mnada.
Tuko Isevya, uani kwake,
kuku wanapita chini ya miguu minne ya mninga.
Simjibu. Nimekuja na tochi,
kipande cha kanga cha kufutia,
na mdomo uliofungwa.

Shangazi yangu Nyanzobe, aliyenunua na kuuza vya marehemu
miaka thelathini hapa Tabora,
alinifunza: usitazame uso.
Uso hupakwa vanishi hata siku ya msiba.
Omba kuona mgongo. Omba kuona tumbo.
Mvute mtoto wa meza, umpindue
kama mkunga anavyompindua aliyezaliwa sasa hivi,
kabla hajalia, kabla ya jina.

Namvuta. Anagoma kidogo, kisha anatoka
na harufu ya nta, pilipili kavu
na karatasi zilizolala.

Pembeni, mikia ya njiwa: mitano huku, minne kule,
mmoja mnene kuliko nduguze.
Mashine haikosei namna hiyo.
Huyu alikuwa mtu, na patasi,
na labda njaa ya saa saba.
Chini, msumeno umeacha mistari iliyonyooka,
kwenda na kurudi kwa mkono;
msumeno wa mashine ungechora miezi michanga.
Napitisha kidole: randa imeacha matuta
kama kaakaa la mbwa.

Ulimi wa mguu umo tunduni, umefungwa kwa kigingi,
na kigingi kimechomoza unene wa ukucha,
maana ubao hukonda kwa miaka, kigingi kikabaki na urefu wake.
Hilo haliigizwi kwa wiki moja
na ndoo ya maji ya chumvi.

Ila mguu wa nyuma, wa kulia:
mkora. Skrubu mbili zinang'aa kama meno ya bandia.
"Na huyu?"
"Huyo alizaliwa nao."
"Baba mwingine," nasema.
Lugusha anakohoa, anamfukuza kuku asiye na kosa.

Matundu ya dumuzi yapo, nayahesabu mpaka nachoka.
Nagonga kwa kifundo cha kidole, nasubiri unga udondoke.
Haudondoki. Walikula, wakahama.

Namrudisha mtoto, anakwama.
Natia kichwa na tochi, na pale nyuma kabisa,
pasipofika mkono wa mwenye nyumba,
penseli, herufi zilizolala kama mahindi baada ya mvua:

*Mlekwa fundi. Siku tisa.
Nimepewa 20/-. Bado 14/50.*

Nasoma kwa sauti. Lugusha anasogea.
"Mjerumani," namwambia, "alilipa kwa rupia na hela.
Shilingi imeingia na Mwingereza.
Kabati lako limeruka vita nzima."
Anacheka hadi anashika kiuno.
Kutoka laki nne anateremka laki tatu,
kisha mbili na nusu, kisha anawataja wanawe walioko shule,
na hapo nami nanyamaza.

Nahesabu noti juu ya kabati. Zimetimia.
Jicho linarudi mle ndani.
Alikuwa nani, karani wa reli, mwalimu, tajiri wa asali,
aliyepanga sahani zake humu
na kumwambia fundi mlangoni: njoo Jumatatu?
Jumatatu ngapi, Mlekwa?
Ukaacha lini kwenda?
Au uliliandika kabla hata ya kulikabidhi,
ukimjua mtu wako?

Mkokoteni unalipeleka Kiloleni.
Kila shimo, mtoto anachungulia nje,
namrudisha kwa goti.

Ule mguu wa mkora nitaubadili.
Msasa utapita juu, ubavuni, miguuni.
Mle ndani hautaingia.
Deni si langu, siwezi kulifuta.